Chili ya nyama ya ng'ombe: sufuria, presha kuka au jungu la umeme?

Mlafi wa Tabata
Wakuu, salamu. Mwaka jana nilimtembelea kaka yangu Houston, shemeji akatupikia ile chili yao ya Texas: nyama ya ng'ombe, mchuzi mwekundu mzito, saa tatu motoni. Nimerudi Dar nimejaribu mara mbili. Ya kwanza kwa presha kuka: nyama laini, mchuzi maji matupu. Ya pili nikatia vijiko vitatu vya pilipili ya unga kama risipi ilivyosema. Watoto walilia, mimi nikajikaza kiume. Jikoni nina sufuria nzito, presha kuka na lile jungu la umeme la kupika polepole. Nitumie kipi?

Dada Pili
Pole mkuu, ila nimecheka. Unga wa chili wa Marekani si pilipili tupu kama hii yetu. Ni mchanganyiko: pilipili zisizo kali sana, binzari nyembamba, majani makavu ya oregano, kitunguu swaumu. Vijiko vitatu vya huo ni kawaida, vya pilipili kichaa ni adhabu. Tia paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) vijiko vitatu, binzari nyembamba kimoja, oregano kidogo, na pilipili yetu nusu kijiko cha chai. Utaongeza mwenyewe ukishaonja.

Fundi Sufuria
Sufuria, basi. Presha kuka inafungia mvuke, mchuzi utapungulia wapi? Ulichokula Houston ni maji yaliyokauka taratibu.

Na nyama usinunue steki. Buchani omba ya shingo au bega, yenye utando mweupe katikati. Huo utando ndio unaoyeyuka na kuufanya mchuzi unate mdomoni. Kata vipande vya ukubwa wa dole gumba, vikaushe kwa kitambaa, kaanga kidogo kidogo. Ukijaza sufuria, nyama inatoa maji na kuchemka, rangi haishiki ng'o. Kisha punguza moto mpaka uone kiputo kimoja kinapasuka hapa, kingine kule. Saa mbili na nusu hadi tatu, na mwiko ufike chini kila baada ya muda.

Mama Wawili
Saa tatu za gesi unalipa wewe? Mimi napika kwa presha dakika 40, natoa mfuniko, naacha ichemke wazi dakika 20 mpaka mchuzi ushike. Ya sufuria ina utamu zaidi, sikatai, lakini si wa kunimalizia mtungi.

Fundi Sufuria
Mkaa upo, mama. Ukikolea, funika na majivu kidogo uendelee na shughuli zako.

Mbongo wa Dallas
Huu mwaka wangu wa nane Texas. Hapa ukitia maharage kwenye chili unaangaliwa kama uliyetia sukari kwenye ugali. Wana haki ya kuringa: jimbo liliitangaza kuwa chakula chake rasmi mwaka 1977, na kule Terlingua, kijiji cha hapa Texas, wanashindana kuipika tangu 1967. Kabla ya hapo akina mama wa San Antonio walikuwa wakiiuza usiku viwanjani.

Mimi nafanya kazi ya zamu, kwa hiyo jungu la umeme ndilo linaloniokoa. Naweka asubuhi, jioni nakula. Ila kaanga nyama kwanza na utie maji nusu ya unavyodhani. Mchuzi ukiwa mwepesi, wenyeji hutia unga wao wa mahindi. Sembe kijiko kimoja, koroga na maji baridi, itakufaa.

Dada Pili
Kwa wapenda maharage: mekundu mabichi yasiingie kwenye jungu la umeme moja kwa moja. Yana sumu ambayo ule moto mdogo hauimalizi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu nusu saa ndipo uyatie.

Mlafi wa Tabata
Mrejesho wa Jumamosi. Sufuria, mkaa, shingo kilo moja. Saa ya kwanza nilikata tamaa, nyama ilikuwa kama kandambili. Saa ya tatu kipande kikaachia kwa kubonyezwa na mwiko tu, na mafuta mekundu yakapanda juu. Sembe nimetia kijiko kimoja. Tumekula na ugali, mdogo akauliza kama hii ndiyo rosti. Nimemwambia ndiyo, ale.