Naomba ushauri: Uhura wa Star Trek alijua Kiklingoni au hakujua?

ShangaziWaNyota
Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa mliokaa miaka mingi na Star Trek, zile hadithi za anga za televisheni na filamu.

Binti wa kaka yangu ana miaka 14 na anaitwa Nyota. Likizo hii nilimwonyesha Strange New Worlds, mfululizo wa Star Trek ulioanza 2022, kwa sababu nilitaka amwone msichana mwenye jina lake, mzaliwa wa Kenya, aliyeingia kazini kwenye chombo cha anga cha Enterprise akiwa na lugha 37 kichwani: Nyota Uhura. Akampenda Uhura kupita kiasi. Akatafuta daftari, akaanza kumwandikia historia: kwao wapi, wazazi na kaka yake walivyokufa ajalini, nani alimfundisha kazi.

Juzi nikamwekea filamu ya sita, ile ya 1991. Ikafika pale Enterprise inaponyemelea mpaka wa Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine wasiopatana nao, na mlinzi wao anauliza ni akina nani. Mashine ya kutafsiri haitumiki maana wangeishtukia. Basi maafisa wazima wamezungukwa na marundo ya vitabu vya karatasi, wanafunua kurasa mbio mbio, na Uhura anajibu kwa kubabaisha kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nyota akasimamisha picha. Akaniambia, "Shangazi, huyu siye. Uhura asingehitaji kamusi." Akalifunga daftari, na mpaka leo hajaligusa.

Je, kuna maelezo ya kumpa? Na nimwendeleze kwa mpangilio upi? Naona nimemharibia kitu alichokuwa anakipenda kwa dhati.

MzeeAntena
Pole dada. Mwonyeshe "The Changeling", sehemu ya msimu wa pili wa mfululizo wa kwanza kabisa, iliyorushwa Septemba 1967. Chombo kiitwacho Nomad kinamsikia Uhura akiimba, kinamhoji, hakielewi majibu yake, kinamfuta kumbukumbu. Elimu yote inaondoka. Tunamwona amelazwa, nesi Chapel yuko pembeni, anasoma kitabu cha watoto wa chekechea: mbwa ana mpira. Herufi moja moja, kidole juu ya ukurasa. Anakwama, anachukia, na akichukia kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Mimi pale huwa nasimama kidogo. Kiingereza cha kazini kimefutika, lugha ya nyumbani imebaki. Sijui kama mwandishi alikusudia makubwa, ila mtu yeyote aliyelelewa na bibi yake analijua hilo.

Sasa, kwa hesabu za ndani ya hadithi, Strange New Worlds inaanza 2259, Nomad anakuja 2267, filamu ya sita ni 2293. Kwa hiyo wa lugha 37 ni Uhura kabla ya kufutwa, na wa vitabu ni Uhura baada ya kufutwa. Mashabiki wengi wanashika hapo.

KitabuWazi
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe, na huyo binti atakukamata. Kati ya 2267 na 2293 kuna miaka 26. Tena mwisho wa sehemu hiyo hiyo daktari McCoy anamwambia nahodha Kirk kwamba Uhura keshafika kiwango cha chuo na ndani ya wiki atarudi kazini. Mtu aliyerudisha elimu yake kwa siku chache ameshindwa Kiklingoni robo karne, na Waklingoni ndio jirani mkorofi kuliko wote?

Dada, mwambie ukweli. Mwaka 1991 walitaka watu wacheke, na wakamtoa sadaka mhusika aliyekuwa anastahili heshima zaidi. Lugha 37 ziliandikwa miaka 31 baadaye. Waandishi wa 2022 walikuwa wanamjengea msingi ambao wenzao hawakumjengea. Kosa ni la 1991, na Nyota ameliona kwa macho yake mwenyewe. Msifu.

MzeeAntena
Marahaba. Miaka 26 sina jibu lake. Ila sehemu yenyewe amwonyeshe tu.

BintiPangani
Na msimchanganye na Uhura wa filamu za 2009 na kuendelea! Yule anazungumza na Waklingoni uso kwa uso kwenye filamu ya 2013, ila yuko kwenye mkondo mwingine wa wakati, uliochepuka 2233. Akiingia kwenye daftari apewe ukurasa wake.

Kuhusu jina, hili atalipenda. Mwaka 1966 hakuwa na jina la kwanza kabisa. "Uhura" limetokana na "uhuru" wetu. Nichelle Nichols, mwigizaji wa kwanza wa Uhura, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu kiitwacho Uhuru mkononi. "Nyota" lilitokea kwenye kitabu cha pembeni cha 1982, mashabiki wakalikumbatia, na halikutamkwa kwenye skrini hadi 2009. Miaka 43 mhusika anaitwa kwa jina la ukoo peke yake. Kwa hiyo jina la mwanao lilishikiliwa na watazamaji kabla wenye kazi hawajalikubali.

Msafiri_47
Mpangilio: fuata tarehe za kurushwa, usifuate miaka ya ndani ya hadithi. Anza na "The Man Trap", 8 Septemba 1966. Humo kiumbe kinajigeuza mwanamume mweusi aliyekuwa kwenye mawazo ya Uhura na kumsemesha Kiswahili kwenye korido. Matamshi yatamsumbua, avumilie.

Muonye kitu kimoja: ya kwanza kurushwa siyo ya kwanza kurekodiwa. Uhura anaanza na gauni jekundu, halafu wiki chache mbele, kwenye "Mudd's Women" na "The Corbomite Maneuver", amevaa la njano. Rangi ya sare huonyesha idara, lakini hakuhamishwa. Zile mbili zilirekodiwa mapema zikacheleweshwa. Akijua hilo, ataanza kutofautisha kinachotokea Enterprise na kilichotokea studio.

KitabuWazi
Ndiyo hasa. Daftari liwe na safu mbili: kushoto anachosema Uhura, kulia mwaka ulioandikwa.

ShangaziWaNyota
Asanteni sana wote. Jana usiku tumetazama "The Changeling". Kile kipande cha kitabu cha watoto amekirudisha mara tatu, anajaribu kukamata maneno ya Kiswahili. Hakusema lolote kuhusu Kiklingoni.

Asubuhi nimemkuta mezani na rula, anachora mstari katikati ya ukurasa. Juu upande wa kulia ameandika 1967. Ameniuliza "The Man Trap" tunaitazama leo au kesho.