Vitz, Demio au Note? Gari dogo la kwenda kazini, Kisumu

Mwalimu_Mamboleo: Hamjambo wadau. Nimechoka kugombania matatu alfajiri. Nataka gari dogo lisilokunywa mafuta, la kunipeleka kazini na kunirudisha. Nimeangalia Vitz, Demio na Nissan Note. Lipi litanifaa? Nataka kununua kabla ya mwezi kuisha.

Fundi_Kondele: Mwalimu, shule iko wapi? Una shilingi ngapi? Unabeba watu wangapi? Bila hayo tunapiga ramli tu.

BabaPacha: Vitz, usijisumbue. Spea zimejaa kila mahali, na siku ukitaka kuliuza halikai wiki.

Mkulima_Ahero: Vitz ipi? Ya 1000cc ina silinda tatu, ya 1300 ina nne. Ninayo ya 1000. Huku kwetu tambarare inanipa kama kilomita 17 kwa lita, na naipenda sana. Lakini nikipanda Kiboswa na familia nazima AC, na malori bado yananipita.

Mwalimu_Mamboleo: Samahani, nilisahau. Naishi Mamboleo, nafundisha karibu na Chavakali, siku tano kwa wiki. Nina 750,000, kwa hivyo ni gari ambalo limeshatumika hapa nchini. Nabeba walimu wenzangu watatu, tunachangia mafuta. Mwisho wa mwezi natoa mahindi nyumbani, gunia moja au mawili.

Fundi_Kondele: Basi 1000cc iondoe. Watu wanne kwenye mlima ule wa Kiboswa kila asubuhi, injini itakuwa inalia na utakanyaga mafuta mpaka ile faida yote iishe.

Mama_Lurambi: Mbona hakuna aliyetaja Honda Fit? Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinalala kabisa na buti inakuwa sakafu moja. Mimi nimebeba magunia matatu ya mahindi na mtungi wa gesi. Jaribu hayo kwenye Vitz.

Note_Zamani: Nitaeleza yaliyonipata ili mwalimu ajue. Nilikuwa na Note ya 2013, 1200cc, starehe kabisa. Siku moja nikaipeleka gereji moja hapa mjini kubadilisha oili ya giaboksi. Kijana akanihakikishia oili ni oili, akaweka ya giaboksi ya kawaida, ile nyekundu. Sikujua, nikalipa nikaenda zangu. Wiki ya tatu nikiwa napanda kutoka Kiboswa, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Mvua inanyesha, mama yangu mgonjwa yuko nyuma, matrekta ya miwa yanapiga honi. Tulivutwa na pikapu mpaka Kisumu. Giaboksi ya mkono wa pili pamoja na ufundi ilinimaliza akiba yote ya karo. Niliporudi gereji, yule kijana alikuwa ameshahama. Tangu siku hiyo giaboksi ya CVT kama ya Note, ile otomatiki isiyo na gia za kubadilisha moja moja, siitaki hata ya bure.

BabaPacha: Pole sana ndugu. Lakini hapo gari halina kosa.

Note_Zamani: Sijasema lina kosa. Nasema mafundi wanaoijua CVT ni wachache huku kwetu, na mwalimu atakayekwama njiani ni yeye.

Fundi_Kondele: Wachache lakini tupo. Kwenye CVT nguvu hupitia mkanda wa chuma. Note inataka oili yake ya CVT, inaitwa NS-3. Ukiweka nyingine mkanda unateleza, unajila. Na msiisingizie Note peke yake, Vitz na Fit nyingi za miaka hiyo ni CVT pia. Uliza lini oili ilibadilishwa na ya aina gani. Muuzaji akianza kukuna kichwa, ondoka.

Demio_Milele: Ndiyo maana nasema Demio. Kuanzia umbo la 2014 giaboksi yake ni ya gia 6, si CVT. Ila epuka ya dizeli kama safari ni fupi fupi, kichujio cha masizi kinaziba. Na ile inayojizima kwenye foleni inataka betri yake maalum, bei si ya kawaida.

Mkulima_Ahero: Umbo hilo kwa 750,000? Likiwa zima, nionyeshe na mimi ninunue.

Wakala_Nakuru: Mwalimu, hao watatu wanakulipa? Bima ya gari la kibinafsi haihusu abiria wa kulipa. Soma mkataba wako vizuri.

Mama_Lurambi: Kuchangia mafuta na wenzako kazini si biashara jamani.

Wakala_Nakuru: Siku ya ajali ndipo utajua kama ni biashara. Nimeona mtu akizungushwa karibu mwaka mzima.

BabaPacha: Basi wanunue chakula cha mchana kwa zamu, yeye aweke mafuta. Yameisha.

Wakala_Nakuru: Hayajaisha. Aiulize kampuni ya bima, na jibu liwe kwa maandishi.

Mwalimu_Mamboleo: Hilo la bima limenishtua, nitauliza. Jumamosi naenda kuona Fit moja pale Milimani, na kuna Vitz ya 1300 nimeitiwa Maseno. Fundi, una nafasi saa tatu asubuhi?

Fundi_Kondele: Saa tatu niko na Probox ya mtu. Njoo saa sita. Na mwambie huyo wa Milimani asiliwashe kabla sijafika, nataka kuikuta injini ikiwa baridi.