Kusakinisha Linux kwenye mashine pepe katika maabara ya shule: orodha inaonyesha biti 32 pekee

Mwalimu wa Kompyuta, Changamwe

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya upili hapa Changamwe, na muhula ujao ningependa wanafunzi wangu wajifunze Linux kwa kuandika amri wenyewe, badala ya kuzikariri kutoka ubaoni. Kompyuta za maabara zina ramu ya gigabaiti 4 na zinatumia Windows 10. Ndani yake mna miradi ya watahiniwa wa KCSE, kwa hivyo sina ruhusa ya kufuta chochote wala kugawa diski upya. Ndiyo sababu nimechagua kuweka Linux ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, kwa kutumia programu ya VirtualBox.

Nimekwama mahali patatu. Kwanza, katika baadhi ya kompyuta, orodha ya kuchagua aina ya mfumo endeshi inaonyesha matoleo ya biti 32 peke yake, ilhali prosesa zote ni za biti 64. Pili, katika kompyuta moja iliyokubali, Ubuntu 24.04, aina ya Linux niliyoijaribu, ilifunguka kwa uzito mno, na Windows nayo ikawa haijibu. Tatu, kisakinishi kilipofika kwenye hatua ya diski kiliandika kwamba diski yote itafutwa, nami nikasita hapo hapo kwa kuihofia miradi ya wanafunzi. Naomba mwongozo wa mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake.

Fundi, Mwembe Tayari

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Hilo la kwanza hutokana na swichi iliyozimwa ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows. Prosesa za Intel zina uwezo wa kuendesha mashine pepe unaoitwa VT-x na za AMD zina AMD-V. Uwezo huo ukiwa umezimwa, VirtualBox haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64, na ndipo inapokuonyesha biti 32 pekee. Kabla ya kuzima kompyuta yoyote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha utazame sehemu ya prosesa. Pana mstari ulioandikwa “Virtualization”. Ukisema “Disabled”, basi jibu umelipata.

Washa kompyuta upya na uingie kwenye BIOS. Mashine nyingi za HP hutumia F10 na za Dell hutumia F2. Tafuta “Intel Virtualization Technology”, au “SVM Mode” ikiwa ni AMD, uiwashe na uhifadhi. Baada ya hapo izime kompyuta kabisa kisha uiwashe, kwa sababu zipo mashine ambazo hazilishiki badiliko hilo kwa kuwashwa upya tu.

Mstari huo ukisema “Enabled” na bado mashine pepe inajivuta, tazama chini ya dirisha la VirtualBox. Ukiona picha ya kobe wa kijani, fahamu kwamba Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya kuendesha mashine pepe, imekwisha kuushika uwezo huo, na VirtualBox inapitia kwake. Nenda kwenye orodha ya vipengele vya Windows, uondoe alama kwenye Hyper-V na kwenye “Virtual Machine Platform”, kisha uwashe upya. Ikiwa shule ina mtu anayesimamia usalama wa mtandao, mwulize kwanza, maana baadhi ya kinga za Windows hutegemea vipengele hivyo.

Msimamizi wa seva, Nyali

Fundi amelimaliza la kwanza. Mimi nitasema juu ya hayo mawili yaliyobaki, nikianza na la diski kwa kuwa ndilo linalokutia hofu.

Mashine pepe haiioni diski ya kompyuta yako. Inachokiona ni faili moja kubwa, yenye kiambishi .vdi, ambayo VirtualBox imeiunda ndani ya folda ya Windows. Kisakinishi kinapodai kufuta diski yote, kinazungumzia yaliyomo katika faili hiyo tu. Ukitaka kuthibitisha kwa macho yako, soma jina la diski kwenye skrini ya kisakinishi cha Debian, aina ya Linux nitakayokushauri hapa chini: utakuta imeandikwa VBOX HARDDISK, na ukubwa wake ni ule ulioutaja mwenyewe. Diski uliyoipa gigabaiti 20 itaonekana kama 21.5, kwa sababu programu hizo mbili hazihesabu gigabaiti kwa kipimo kimoja. Ukiona jina hilo, endelea bila wasiwasi.

Kuhusu uzito, tatizo ni hesabu. Ubuntu ya mezani inahitaji ramu ya gigabaiti 4 ili ifanye kazi vizuri, na kompyuta zako zina hizo hizo 4 ambazo Windows nayo inazitaka. Hakuna mpangilio utakaoliziba pengo hilo. Lakini wewe umesema unataka kufundisha amri, na amri hazihitaji madirisha wala picha. Ningekushauri uache Ubuntu ya mezani na uchukue Debian, ile faili ndogo ya usakinishaji iitwayo netinst ambayo haifiki gigabaiti 1, ukilinganisha na Ubuntu ambayo inakaribia 6. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu, tofauti hiyo si ndogo.

Ipe mashine pepe ramu ya megabaiti 1024, prosesa moja, na diski ya gigabaiti 20 inayokua kadiri inavyotumika. Mwanzoni faili yake itachukua gigabaiti chache tu. Mtandao uuache kwenye NAT, yaani mashine pepe itumie mtandao kupitia kompyuta yenyewe. Ukifika kwenye skrini ya kuchagua programu za kusakinishwa, ondoa alama zote za madawati ya picha, ubakishe vifaa vya kawaida vya mfumo pekee.

Pana hatua moja ambayo wengi huipita bila kuisoma. Kisakinishi kitakuomba nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiacha nafasi hiyo tupu, mtumiaji wa kwanza utakayemwunda atapewa uwezo wa kutumia sudo, amri ya kufanya kazi za msimamizi. Ukiijaza, hatapewa, na siku ya somo kila mwanafunzi atakayeandika sudo atajibiwa kwamba amri hiyo haipatikani. Kwa maabara yako, iache tupu. Panya akinaswa ndani ya dirisha la mashine pepe, bonyeza Ctrl ya upande wa kulia, naye atatoka.

Mwanafunzi wa chuo, Tudor

Samahani, Mwalimu, kwa kuuliza jambo la pembeni. Microsoft ilikomesha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Je, haingekuwa bora kuiondoa kabisa na kuweka Linux moja kwa moja? Ramu yote 4 ingekuwa ya Linux, na hata dawati jepesi la Xfce lingekwenda vizuri.

Msimamizi wa seva, Nyali

Hoja yako ina uzito, na iko siku shule italazimika kuamua. Hata hivyo Mwalimu amesema wazi kwamba miradi ya mtihani imo humo, tena hana ruhusa. Mtu haondoi mfumo endeshi katikati ya mwaka wa watahiniwa. Zaidi ya hayo, mashine pepe ina faida ambayo usakinishaji wa moja kwa moja hauna: unaweza kuchukua snapshoti, yaani nakala ya hali ya mashine ilivyo wakati huo, kabla ya somo, ukamwacha mwanafunzi aifute saraka nzima ya mfumo na kuyaona matokeo yake, kisha ukairudisha hali ya mwanzo kwa dakika chache. Kwa kufundisha, hilo ni jambo kubwa.

Mwalimu wa Kompyuta, Changamwe

Shukrani nyingi. Mstari ule ulisema “Disabled” kama Fundi alivyokisia, na baada ya kuingia kwenye BIOS orodha ya biti 64 imetokea. Debian imekwisha kusakinishwa kwenye kompyuta ya kwanza, na jina la VBOX HARDDISK nimeliona. Je, ni lazima niirudie kazi yote hii kwenye kila kompyuta? Na stima ikipotea katikati ya somo itakuwaje, maana kompyuta zetu ni za mezani?

Fundi, Mwembe Tayari

Huna haja ya kurudia. Zima mashine pepe, kisha uitoe kama faili ya .ova kupitia menyu ya kwanza ya VirtualBox. Ibebe kwenye flashi na uiingize katika kila kompyuta, ukichagua itengenezewe anwani mpya za MAC, yaani vitambulisho vya kadi ya mtandao. Hakikisha flashi yenyewe imepangiliwa kwa exFAT au NTFS, kwa kuwa FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. BIOS tu ndiyo utakayoipitia moja moja.

Kuhusu stima, Debian hutumia mfumo wa faili uitwao ext4, ambao huweka kumbukumbu ya mabadiliko na mara nyingi hujirekebisha ikiwashwa tena. Ikikataa kuwaka, rudi kwenye snapshoti. Kazi ambayo wanafunzi wanataka kubaki nayo wainakili nje ya mashine pepe kabla ya kipindi kumalizika, kwani kurudisha snapshoti hufuta kila kilichoandikwa baada yake.