Tupeane uzoefu: uliinua gari, stelingi ikakufanya nini?

JimnyYaMbezi
Wakuu habari za jioni. Leo nimeshuka kwenye gari magoti hayashikani nikasema bora niandike kabla sijapoa. Nina kajimny, kale ka springi za koili, nimekainua inchi mbili, nikavua tairi za 205/70R15 nikaweka kubwa zaidi za 235/75R15 na rimu za chuma zilizotoka nje kidogo maana nilitaka kasimame kiume. Sasa leo natoka Chalinze, niko 70 hivi, nikapita kiraka cha lami upande wa kushoto, basi stelingi ikaanza kushoto kulia kushoto kulia, siyo ule mtetemo wa balansi hapana, huu unataka kukung'oa vidole, dashibodi inagonga, kioo cha ndani kimeanguka, na wife pembeni anasema simamisha, simamisha, kana kwamba mimi nimekataa. Imeacha nilipofika kama 30. Nimepaki, muuza mahindi anakuja, "bosi hiyo gari ina mapepo". Duka limeniambia nibadili shokapu ya stelingi tu, laki na themanini. Walioinua magari mwageni hapa, mlinunua nini kwenye stelingi na rimu, na kipi mlijutia.

Nondo16
Karibu chamani. Ukishaipata hiyo mara moja kila kiraka utakisalimia shikamoo.

BintiGereji
Kaka usinunue hiyo shokapu kwanza. Shokapu ya stelingi inaficha ugonjwa, ni sawa na kumeza panado jino limeoza. Utatembea wiki mbili unafurahi halafu siku moja inarudi na hasira zaidi. Anza na panadi rodi, ule mtarimbo unaoshika ekseli isiende kushoto wala kulia, bushi zake, zile ringi za mpira kwenye ncha, kwenye Jimny ndo za kwanza kufa. Halafu beringi za kingpini, pale gurudumu linapogeukia. Washa injini, gari isimame kwa tairi zake USIWEKE JEKI, mtu atikise stelingi nusu nusu, wewe lala chini uweke mkono kwenye kila jointi moja moja. Macho yanadanganya, vidole havidanganyi. Panapogonga utapasikia.

Na ukishainua inchi mbili ekseli ya mbele imesogea upande, hilo wengi hawalijui. Pima toka fenda hadi ukingo wa tairi kushoto, pima kulia. Zikipishana ndo ujue unahitaji panadi rodi ya kurekebishika urefu. Hicho ndo kitu cha kwanza ningenunua, siyo rimu.

Spesa_Man
Mnatishana bure. Prado 120 yangu nimeinua, nimeweka spesa za milimita 30 za kusogeza tairi nje, tairi 265/70R17, mwaka wa nne huu, Dodoma, Tabora, Mpanda nimeenda na kurudi, sijui hata huo mtikiso unafananaje.

BintiGereji
Prado 120 mbele haina ekseli nzima kaka, kila tairi na mikono yake na stelingi ni ya raki, mtarimbo wenye meno. Huwezi kuupata huo ugonjwa, ni kama mwanaume anajisifu hajawahi kuumwa uchungu wa kuzaa. Ugonjwa wako wewe ni mipira ya shafti za mbele kupasuka na bushi za raki kulegea. Na hizo spesa zinakula beringi.

Spesa_Man
Beringi nimebadili mara moja tu.

Nondo16
"Mara moja tu" 😂😂

Spesa_Man
Cheka. Wewe unatembelea nini?

Nondo16
Natembelea miguu mkuu, gari iko kwa fundi toka mwezi wa tatu.

Dereva_wa_Vumbi
Nilikuwa napita tu lakini mlivyotaja jointi nimekumbuka kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Kaeni vizuri.

Nilikuwa na Land Cruiser 80, inchi nne juu, 285/75R16, kila mtu pale Arusha anaijua. Ilivyoinuliwa ile drag linki, chuma kinachotoka kwenye gea boksi ya stelingi kwenda kwenye gurudumu, ikawa imelala mteremko mkali, gari ikikanyaga shimo stelingi inajikata yenyewe. Nikashauriwa niweke mkono wa stelingi ulioshuka, na drag linki mpya nene "hevi duti". Nikanunua. Fundi akafunga Ijumaa jioni kwa sababu Jumamosi alfajiri nina safari, na safari yenyewe ni ya KUPELEKA MAHARI. Wazee wanne nyuma, mjomba wangu mbele, blanketi, sukari, mbuzi mmoja kwenye buti.

Tumeacha lami Mto wa Mbu tukakata kuelekea Engaruka. Mnaijua ile njia, korugesheni mpaka meno yanahama. Baada ya muda nasikia stelingi ina uhuru fulani hivi, nikasema ni barabara. Mjomba anasimulia habari za ng'ombe. Mbele kuna kona ya kushoto na korongo upande wa kulia, siyo refu ila linatosha. Nazungusha stelingi, inazunguka. Nyepesi kama sahani ya plastiki. Gari inaenda moja kwa moja. Nazungusha tena, robo tatu ya mzunguko, hakuna kitu, gari haina habari na mimi kabisa. Sikumbuki kukanyaga breki ila nilikanyaga. Vumbi lilivyotulia tairi ya kulia ya mbele ilikuwa imesimama na nusu yake hewani, nikichungulia dirishani naona mawe chini. Hakuna aliyesema neno, mbuzi peke yake ndo aliyelia.

Tukashuka upande mmoja mmoja. Nikaingia chini. Ile boljointi ya drag linki imechomoka kwenye mkono, inaning'inia, nzima kabisa, mpya, ina rangi yake. Nati hakuna. Ila kwenye tundu la kota pini, ile pini ya kuzuia nati isijifungue, kimebaki kipande cha MSUMARI. Msumari wa bati ndugu zangu. Fundi hakuwa na kota pini usiku ule akapiga msumari, ukakatika, nati ikajifungua yenyewe taratibu kilomita zote zile.

Mzee mmoja kati ya wale wanne alikuwa dereva wa malori zamani. Hakuongea na mimi. Akavua koti, akarudi nyuma kwa miguu akifuata alama za tairi zetu, kainama kama anatafuta shilingi. Alirudi baada ya kama nusu saa na nati mkononi. Tukafuta tepa, ile shingo ya boljointi iliyochongoka, kwa kipande cha khanga iliyokuwa ya zawadi, tukagonga ikakaa, nati tukakaza, halafu waya wa uzio tukaukunja mara mbili tukaupitisha tundu la pini. Nimetembea na ule waya mpaka nilipofika.

Nondo16
Aisee.

Mama_Defender
Nywele zimenisimama. Nami 110 yangu iliwahi kunilegea pale pale kwenye mkono wa gea boksi, ila nilikuwa geti la nyumbani.

Isiolo_Mchanga
Wadau salamu kutoka Isiolo. Hiyo si makosa ya spea, hiyo ni makosa ya fundi. Hevi duti yako ilikuwa poa, bana.

Spesa_Man
Ndo nilichotaka kusema. Watu wanalaumu vitu vya dukani wakati mafundi ndo wauaji.

BintiGereji
Mafundi wapi tena? Mafundi wote? Mteja analeta gari saa kumi na mbili jioni anasema "kesho alfajiri naondoka", analeta na drag linki aliyonunua mwenyewe kwenye katoni isiyo na kota pini ndani, halafu hataki kulipa testi. Mimi nakataa. Nimeshatukanwa kwa kukataa.

Dereva_wa_Vumbi
Dada una haki, nilimharakisha. Lakini msumari? Angenipigia simu ningemletea pini hata saa nane usiku.

BintiGereji
Msumari hapana, hapo sitetei mtu. Na mjifunze hili: nati ya taji, ile yenye meno ya kupitisha pini, ikikazwa halafu tundu lisilingane, unakaza mbele mpaka mwanya unaofuata, hulegezi kurudi nyuma. Ukimaliza piga mstari wa rangi kwenye nati na chuma, siku ukichungulia ukiona mstari umeachana unajua.

Isiolo_Mchanga
Sasa mzee, mahari ilifika? Ng'ombe zilikuwa ngapi?

Kijana_wa_Tinga
Swali la msingi hili, mengine ni chuma tu.

Dereva_wa_Vumbi
Ilifika saa kumi badala ya saa nne. Tukapigwa faini ya kuchelewa, kondoo mmoja. Mjomba alitaka kuwaelezea habari za kota pini wakamwambia akae.

Bahari_ya_Muscat
Assalaam aleikum. Miye niko Muscat, Patrol Y61, mchezo wetu ni mchanga wa Bidiya. Huku vijana wanapenda rimu za inchi 20 hao hao ndio tunawavuta kwa kamba kila Ijumaa. Kwa mchanga chukua rimu ndogo tairi iwe na tumbo, 16 au 17, upunguze upepo mpaka psi 15. Na rimu ikitoka nje sana stelingi inakuwa nzito na kila jiwe linakupiga mkononi, kwa sababu tairi haizungukii tena pale katikati yake, inazunguka kwa duara kubwa, inakuwa na mkono mrefu wa kukushinda nguvu. Jimny yako kijana nadhani nusu ya mateso ni hizo rimu.

JimnyYaMbezi
Sasa wengine panadi, wengine rimu, wengine kingpini, nishike lipi? 😅

Nondo16
Shika dini.

Mama_Defender
Usisahau kasta, ule mlalo wa pale tairi inapogeukia. Angalia foku ya baiskeli ilivyolala, ile ndo inakuwezesha kuachia mikono na baiskeli ikanyooka. Ukiinua gari ya ekseli nzima ekseli inazunguka kidogo, ule mlalo unapungua, stelingi inakosa kurudi yenyewe. Kuna bushi zenye tundu la pembeni zinarudisha. Bei siyo mbaya. Ila chukua za mpira, zile za plastiki ngumu kwenye Land Rover yangu zilipasuka.

Isiolo_Mchanga
Za mpira nimemaliza seti mbili kwa mwaka mmoja barabara ya Loiyangalani. Chukua ngumu.

Mama_Defender
Haya, kila mtu na barabara yake.

Kijana_wa_Tinga
Mimi hasara yangu ni rimu tu. Nilisikia Jimny na Escudo ni nati tano, zinaingiliana. Nikapata seti ya Escudo Gerezani, spoti rimu nzuri zinang'aa, nikapanda basi nazo mpaka Morogoro. Kumbe Escudo za zamani ndo 139.7 kama Jimny, yaani upana wa duara la matundu ya nati kwa milimita, zile zilizoanza 2005 ni 114.3. Zote nne ziko sebuleni, tumeweka kioo juu ya mbili tunakulia chai.

Spesa_Man
Kuna spesa za kubadilisha hayo matundu mkuu.

BintiGereji
Wewe na spesa zako.

Kipanga70
Naongezea la nati. Ukitoa rimu orijino za Toyota za aluminiamu ukaweka za kununua, USITUMIE nati zile zile. Zile orijino zina shingo ndefu na washa bapa, rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni. Zinaingia, zinakaza, unaona safi, halafu barabarani zinalegea. Nimepoteza tairi ya nyuma hivyo karibu na Singida, ikanipita kwa kushoto ikaenda shambani kwa watu, nikalipa na mahindi.

Nondo16
Ikakupita bila hata kupiga honi.

JimnyYaMbezi
Mrejesho wa asubuhi. Nimelala chini kama dada alivyosema, mdogo wangu akatikisa stelingi. Panadi rodi upande wa ekseli, nimeweka kidole, inagonga tak tak tak, bushi imekuwa yai. Nimepima fenda, kushoto na kulia zinapishana sentimita moja na kitu. Kingine, kumbe stelingi yangu ilikuwa imekaa kombo baada ya kuinua, fundi akachomoa usukani akaurudisha umenyooka, nikamsifia.

BintiGereji
Toba. Usukani haunyooshwi kwa kuchomolewa, gea boksi inabaki haiko katikati yake, ukienda moja kwa moja unatembelea sehemu yenye uhuru. Inanyooshwa kwenye drag linki, kuna ajasta pale. Urudishe ulivyokuwa kwanza.

JimnyYaMbezi
Sawa dada. Na hizo rimu za kutoka nje nazo?

BintiGereji
Rudisha za zamani wiki moja na hizo tairi zako kubwa uone, zisipogusa mahali. Na ukiwa na 235/75 ujue spidomita inakudanganya, ikisema 80 uko 88 hivi.

Spesa_Man
Ukiziuza hizo rimu niambie.

Isiolo_Mchanga
@Dereva_wa_Vumbi na yule mzee wa lori mlimpa nini?

Dereva_wa_Vumbi
Aligoma pesa. Aliomba ile nati. Iko kwake mpaka leo, amefungia funguo za ghala.