Supu yangu ya boga ya sikukuu inatoka chapwa, nakosea wapi?

Mpishi wa Zamu
Habari zenu wapishi. Sikukuu iliyopita nilipangiwa supu, kazi ambayo kila mtu alisema ni ndogo. Nikachukua boga zuri, nikalimenya, nikalichemsha pamoja na karoti, kitunguu na viazi vinne, nikasaga. Rangi ilipendeza, ladha ikawa ya maji ya moto. Tena ilivutika kama gundi. Wifi yangu alisema "tamu", halafu akaomba chumvi, akaomba pilipili, akaomba tena chumvi. Mama mkwe alimaliza bakuli lake kama anayemeza dawa. Mwaka huu nimepewa supu tena, nahisi ni adhabu. Tutakuwa watu 12 na wawili hawali nyama, kwa hiyo mchuzi wa mifupa hapana. Nisaidieni.

Haraka Haraka
Tupia vidonge viwili vya supu, kwisha kazi.

Sufuria Nzito
Vidonge vitampa chumvi, ladha ya boga ataitoa wapi?

Dada, kosa ni kulichemsha. Boga lenyewe sehemu kubwa ni maji, nawe ukaliongezea maji mengine. Lichome kwenye oveni. Lipasue vipande vinne, toa mbegu, wala usihangaike kulimenya (mimi nilijikata kidole gumba nikimenya boga bichi, kovu ninalo hadi leo). Pakaza mafuta na chumvi, nyuzi 200, dakika 45 hivi, mpaka kisu kizame bila kusukumwa na kingo ziwe za kahawia. Hizo kingo ndizo supu yako. Likipoa kidogo, kwangua kwa kijiko, ganda linabaki peke yake.

Wakati huo vitunguu maji vitatu viko kwenye mafuta, moto mdogo kabisa, umefunika, dakika 20. Hapa ndipo watu wengi wanapokimbia. Kitunguu cha dakika tano bado ni kikali. Cha dakika 20 kimelainika na kimekuwa kitamu. Ndipo utie kitunguu saumu, tangawizi na kijiko cha chai cha giligilani ya unga, koroga dakika moja, kisha boga na maji. Kwa watu 12, boga la kilo 2 na nusu na maji kama lita 1 na nusu. Anza na pungufu, kuongeza ni rahisi.

Mwisho, onja. Kamulia nusu limau, onja tena. Mara nyingi supu tunayoiita chapwa chumvi inayo, ila uchachu haina.

Jiko la Nje
Si kila mtu ana oveni jamani. Mimi nakata vipande vidogo, nakaanga kwenye sufuria pana, vichache vichache. Ukivirundika vinatoa mvuke na kujichemsha vyenyewe, umerudi palepale.

Kuhusu gundi: viazi vinne ni vingi, lakini mwenye hatia ni blenda. Inakipasua kiazi mpaka wanga wote unatoka nje. Kiazi kimoja ukikiponda kwa mwiko hakina neno. Na supu ya moto usijaze blenda, nusu tu, legeza kifuniko na ukishikilie kwa kitambaa. Mvuke ukikosa njia unarusha kifuniko. Niulize mimi na dari langu.

Mpishi wa Zamu
Asanteni sana! Naweza kuipika jana yake? Siku yenyewe jiko litakuwa na foleni. Na nitie krimu au tui la nazi?

Sufuria Nzito
Pika, inakolea zaidi ikilala. Ila usiiache kwenye sufuria kubwa ipoe yenyewe usiku kucha. Igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, iingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uiepue. Kesho yake utaikuta nzito, ilegeze kwa maji ya moto na uipashe mpaka ichemke kwelikweli. Tui au krimu, chagua unachopenda, lakini kitie mwishoni moto ukiwa chini, kisije kikakatika. Limau pia ni la siku hiyo.

Mpishi wa Zamu
Nimerudi. Jana nilijaribu kwa robo ya boga. Limau nililisahau, nikaonja nikaona kuna kitu hakipo, nikakamulia, lo! Mume wangu alikuja jikoni na kipande cha mkate, akachovya amesimama mpaka sufuria ikabaki na mstari wa rangi tu. Chumvi hakuulizia. Sasa hizi mbegu nazitupa?

Jiko la Nje
Thubutu! Zioshe, zianike zikauke, zikaange kwenye kikaango kikavu na chumvi kidogo mpaka zianze kuruka. Unanyunyizia juu ya bakuli. La wifi lipate nyingi.