Naombeni ushauri: nina miaka 27, mifupa imepungua ujazo, nimwone daktari gani Dar?

Habari wakuu. Mimi mwanaume, nipo Dar. Mwaka jana niliteleza bafuni nikajizuia kwa mkono, mkono ukavunjika hapa kwenye kifundo karibu na kiganja, nikafungwa P.O.P (plasta ngumu) ukaunga. Sasa sijakaa sawa nikakohoa usiku nikasikia ubavuni kah, picha ikaonyesha ubavu una ufa. Nina pumu tangu sekondari. Kaka akanilipia kipimo cha DEXA, kile cha kupima ujazo wa mifupa, uti wa mgongo Z-score ni -2.6. Nimepeleka majibu ninakotibiwa, daktari hata karatasi hakumaliza kuisoma, anasema huu ugonjwa wa mabibi, kijana kunywa maziwa ufanye mazoezi. Nikauliza kuhusu prednisoloni maana kila nikibanwa napewa hiyo, akaniambia niache kusoma mitandao. Imeniuma sana, siku hizi hata ndoo ya maji naogopa kunyanyua. Nimwone nani, na nikifika nimwelezeje anielewe?

Nesi_Temeke: Pole sana mdogo wangu. Chini ya miaka 50 mnapimwa kwa Z-score, yaani unalinganishwa na wa rika lako, ikiwa -2 kushuka chini ni pungufu kwa umri wako na lazima sababu itafutwe, tena wewe umeshavunjika kwa vitu vidogo kabisa. Prednisoloni inakula mifupa kweli, mtu akiinywa mfululizo miezi 3 tu tunaanza kuwa na wasiwasi, na zile dozi za mara kwa mara nazo zinajumlishika. ILA USIIACHE GHAFLA, mwili ukishaizoea ukaikata unaweza kuanguka vibaya. Omba rufaa kwa bingwa wa homoni, Muhimbili wapo.

mzee wa kazi: Dogo piga supu ya makongoro kila asubuhi utanishukuru

Nesi_Temeke: Mzee wangu supu ni tamu lakini kalsiamu yake ndogo, bora dagaa anaowatafuna na mifupa yao. Na chakula peke yake hakitamtosha huyu.

Kijana_wa_Moro: Mkuu mi nina kifafa, dawa nilizotumia miaka mingi zilishusha vitamini D mpaka mifupa ikalegea kwahiyo nakuelewa kabisa. Kilichonisaidia ni karatasi moja tu, juu nimeandika nilivunjika lini na nilikuwa nafanya nini, chini dawa zote na muda niliozitumia. Usianze kwa kusema nimesoma mahali, mpe hiyo karatasi na majibu ya DEXA halafu muulize "dokta, kwa umri wangu sababu inaweza kuwa nini?" Anayefaa utamjua, atauliza maswali, atataka damu: kalsiamu, vitamini D, figo, thairoidi, PTH (homoni inayosimamia kalsiamu), na testosteroni inayochukuliwa asubuhi. Akikuandikia kalsiamu bila kuuliza chochote, chukua faili lako uende kwa mwingine, ni haki yako.

Bi Mwana: Mwanangu na pumu yenyewe je? Unabanwa mara kwa mara maana yake haijadhibitiwa. Muulize daktari wa kifua kuhusu inhela ya kuzuia ya kila siku, wangu tangu aanze hiyo vidonge kavisahau, na mifupa inapata nafuu.

Mleta uzi: Asanteni sana, inhela ya kila siku sijawahi kupewa, nina ile ya bluu tu ya kutuliza nikibanwa. Karatasi naiandika leo. Nesi, rufaa lazima itoke kwa yule yule daktari au hata kituo kingine wanaweza kuniandikia? Natumia bima.

Nesi_Temeke: Siyo lazima yule yule, ulizia kituo kingine kinachopokea bima yako, na nenda na majibu yako halisi siyo kopi ya simu.