Kabatizwa kabla wazazi hawajaoana?

Swali: Wakuu, habari zenu. Babu mzaa mama alikuwa Mwingereza, ukoo wa wakulima wenye mashamba yao huko Suffolk. Nimerudi nyuma kwa vitabu vya parokia hadi 1702, nikakwama. Ndoa imeandikwa Juni 1702, lakini mtoto wa kwanza kabatizwa Februari 1702! Tena wosia wa baba unamwachia huyo mtoto shilingi moja tu, wakati dada yake kapata kitanda cha manyoya na sufuria ya shaba. Alikuwa wa nje ya ndoa?

Jibu 1: Tulia, ndugu. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25. Februari hiyo ilikuja baada ya Juni. Kwa hesabu yetu ni 1703. Miezi minane... hayo tuwaachie wenyewe.

Jibu 2: Shilingi nayo isikutishe. Mara nyingi mkubwa alikuwa keshapewa shamba baba akiwa hai. Usome wosia wote, si orodha ya vitu tu. Na kabla ya 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa, kwa hiyo wosia wa ndugu zake utafute kwanza kwenye hifadhi ya nyaraka ya Suffolk. Wosia zilizopitia mahakama kuu ya kanisa ya Canterbury ziko Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka.

Muulizaji: Aisee! Wiki nzima namsema vibaya marehemu. Nimerudi kwenye wosia, mwandiko kama kuku kaparura, na pembeni ya ile shilingi kuna maneno niliyoyaruka: "juu ya ardhi niliyokwisha kumpa."